UZI: Sewanee 1899, vijana wa mlimani waliocheza mechi tano ndani ya siku sita bila kufungwa hata pointi moja

Mshusha Mzigo (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu ni mrefu, mwenye chai aiweke karibu.

Mimi ni dereva wa semi huku Marekani, huu mwaka wa tisa. Njia yangu kubwa ni Nashville kwenda Chattanooga, kisha Atlanta. Katikati hapo barabara ya I-24 inapanda mlima unaitwa Monteagle. Kila dereva wa masafa anaujua. Ukipanda na mzigo, gari linatambaa. Ukishuka unaweka gia ndogo mapema, jicho moja barabarani na jingine kwenye geji ya upepo wa breki, na pembeni unaziona zile njia za kokoto zilizotengenezwa kwa ajili ya malori yaliyoshindwa breki.

Siku moja saa zangu za kuendesha ziliniishia hapo juu, na sheria ya huku haina mjadala, ukifika kikomo unalala. Asubuhi nikaamua kunyoosha miguu. Kuna njia ya watembea kwa miguu imepita juu ya tuta la reli ya zamani, inatoka Monteagle kuelekea mji mdogo wa Sewanee. Reli yenyewe ilishang'olewa, limebaki tuta na miti huku na huku. Nikakutana na mzee mmoja anatembeza mbwa, tukasalimiana, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania. Akanyoosha fimbo kwenye lile tuta akasema, hapa ndipo walipopita wale vijana wa 1899.

Sikumwelewa. Nilipomwelewa sikulala vizuri siku mbili. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu yao, na leo nawaletea.

Kwa ufupi ni hivi. Sewanee ni chuo kidogo cha Kanisa la Episkopo, kiko juu ya mlima, karibu mita 600 kutoka usawa wa bahari, katika jimbo la Tennessee. Mwaka 1899 timu yake ya futiboli ya Kimarekani ilicheza mechi 12 ikashinda zote. Ilifunga pointi 322, ikafungwa 10. Hizo 10 zote alizipata mpinzani mmoja katika mechi moja. Na katikati ya msimu walipanda treni, wakazunguka kama maili 2,500, yaani zaidi ya kilomita 4,000, wakacheza mechi tano ndani ya siku sita, katika miji mitano, katika majimbo matatu. Wakashinda zote tano. Jumla ya mabao, kama tunavyosema sisi, 91 kwa sifuri.

Nikimaliza maswali ya mwanzo nitaeleza safari ilivyokuwa.

---

Raga Nakuru

Mkuu nimeweka kambi hapa. Nilicheza raga miaka sita, nafasi ya flanka. Mechi moja ya dakika 80 ilikuwa inanilaza Jumapili nzima, kugeuza shingo tu ni kazi. Sasa tano kwa siku sita? Naomba kwanza utuambie huo mchezo wa 1899 ulikuwa na dakika ngapi na ulichezwaje. Huu wa leo wa kofia ngumu na kusimamasimama kila sekunde tano ni mwepesi kuvumilia.

---

Mshusha Mzigo

Swali zuri sana kaka, na bila hili mtu hawezi kuona uzito wa jambo.

Mchezo wenyewe ulikuwa bado mchanga. Mechi ya kwanza ya vyuo inayohesabiwa ni ya Novemba 1869, Rutgers dhidi ya Princeton, na ile ilifanana zaidi na kandanda ya watu 25 kila upande. Miaka ya 1880 jamaa wa Yale anaitwa Walter Camp ndiye aliyeupa sura yake: wachezaji 11, mstari wa kuanzia, na masharti ya kusogeza mpira ama uupoteze.

Kufikia 1899 mambo yalikuwa hivi. Vipindi viwili, kila kimoja dakika 35. Jumla dakika 70, siyo 60 za leo. Una majaribio matatu ya kusogea yadi tano. Kuurusha mpira mbele kwa mkono ni marufuku kabisa, ruhusa hiyo ilikuja 1906. Kwa hiyo kila kitu kinapita katikati, mwili kwa mwili. Watu wanajikusanya, wanamweka mwenye mpira nyuma au katikati yao, wanasukuma. Wenzake wanaruhusiwa kumvuta na kumsukuma. Baadhi ya timu za enzi hizo zilishona vishikio vya ngozi kwenye suruali ya mkimbiaji, kama vishikio vya sanduku, ili mwenzake amkamate hapo amburute mbele huku wapinzani wamemning'inia miguuni.

Kofia wengi hawakuvaa. Walifuga nywele ziwe kama mto wa kichwa. Wengine walikuwa na kinga ya pua na kinga ya ugoko, basi.

Na hili hapa ndilo la kuzingatia: ukitoka, hurudi. Hakukuwa na kikosi cha kushambulia na kikosi cha kuzuia kama leo. Kijana yuleyule anashambulia, anazuia, anapiga teke, dakika zote 70. Sewanee msimu mzima walikuwa na wachezaji wasiozidi 21.

Tachidauni, yaani kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa mpinzani, ilikuwa pointi 5, mkwaju wa nyongeza baada yake pointi 1, na mkwaju wa golini wakati wa mchezo nao pointi 5. Shikeni hesabu hiyo, tutaihitaji tukifika Auburn.

---

Fundi Saa

Mleta mada, kwa heshima zote. Pointi 322 kwa 10 inanipa wasiwasi kwamba walikuwa wanachagua vibonde. Timu zenyewe zilikuwa zipi?

---

Mshusha Mzigo

Haki yako kuuliza mkuu. Niliuliza hivyo hivyo.

Vibonde walikuwepo, sikatai. Cumberland walipigwa 71 kwa 0, na Southwestern Presbyterian 54 kwa 0, vyuo vidogo vyote viwili. Lakini tazama waliobaki: Georgia 12 kwa 0, Georgia Tech 32 kwa 0, Tennessee 46 kwa 0, Texas 12 kwa 0, Texas A&M 10 kwa 0, Tulane 23 kwa 0, LSU (chuo cha jimbo la Louisiana) 34 kwa 0, Ole Miss (chuo cha jimbo la Mississippi) 12 kwa 0, Auburn 11 kwa 10, North Carolina 5 kwa 0. Mtu yeyote anayefuatilia michezo ya vyuo huku akiyasoma majina hayo ananyamaza kwanza. Hivi karibu vyote ni vyuo vya majimbo, vikubwa, na leo vingine vina viwanja vya watu zaidi ya laki moja.

Halafu Georgia na Georgia Tech waliwacheza Atlanta Jumamosi ya Oktoba 21 na Jumatatu ya Oktoba 23. Jumapili tu katikati. Nadhani pale ndipo meneja alipoona kwamba vijana wake wanaweza kucheza mechi juu ya mechi.

Sasa tuingie kwenye safari. Na hapa niseme wazi msimamo wangu, mnipinge mkitaka: ukisoma habari za timu hii utakuta sifa zote zimepewa misuli. Mimi naona ushindi ule ulibebwa na watu wawili ambao hawakugusa mpira, na mmoja wao hatajwi inavyostahili.

Wa kwanza ni Luke Lea. Alikuwa mwanafunzi, umri miaka 20, kazi yake umeneja wa timu. Kocha alikuwa Billy Suter, kijana aliyewahi kucheza Princeton, na nahodha Henry Seibels wa Alabama, waliyemwita Diddy. Lakini ratiba, nauli, chakula, mapato, vyote vilikuwa mikononi mwa Lea.

Tatizo lake lilikuwa pesa. Mechi yenye watazamaji wengi kwa Sewanee ilikuwa dhidi ya Vanderbilt ya Nashville, majirani na mahasimu wao. Vyuo hivi viwili vikagombana kuhusu mgawo wa mapato ya mlangoni, mechi ya 1899 ikafutika. Pengo hilo lingemaliza mfuko wa timu. Lea akakaa na ratiba za treni, akaanza kuandikia vyuo vya mbali: njooni tucheze, mtupe fungu letu la mlangoni. Sasa kwenda Texas kwa mechi moja ni hasara tupu, nauli inakula kila kitu. Akazipanga mechi zifuatane kama vituo vya reli, kila mji unalipia sehemu ya safari ya kwenda mji unaofuata.

Hapo ndipo zilipozaliwa mechi tano kwa siku sita. Mimi ninayeishi kwa kupanga mizigo ili lori lisirudi tupu, nilipoisoma ratiba yake nilimwelewa mara moja.

---

Binti Pangani

Shukrani sana mkuu kwa uzi huu. Endelea, usituache njiani.

---

Mshusha Mzigo

Naendelea dada.

Waliondoka Sewanee Jumanne ya Novemba 7. Behewa la kulala walikodi lao wenyewe. Lea alipakia mapipa mawili ya maji ya chemchemi ya Tremlett, chemchemi ya pale mlimani, kwa sababu aliogopa maji ya njiani yasije yakawaharibu matumbo vijana. Fikirini miaka ile, homa ya matumbo ilikuwa inaua watu mijini. Kijana wa miaka 20 anawaza hilo.

Kisha akasahau njumu. Treni ishaondoka, wanakuja kugundua njumu za timu nzima zimebaki stesheni ya Sewanee. Ikapigwa telegramu kurudi mlimani, zikapandishwa treni iliyofuata, zikawafikia kabla ya mechi ya kwanza. Hebu jiwekeni nafasi yake, usiku mzima yuko macho ndani ya behewa, amebeba timu isiyo na viatu.

Alhamisi Novemba 9, Austin, dhidi ya Texas. Wametoka safari ya siku mbili. Katika mechi hii Seibels alipasuka kichwani, damu ikamshuka usoni. Kumbuka sheria: akitoka harudi, na yeye ndiye nahodha na mkimbiaji wao mkuu. Wakamfunga, akaendelea. 12 kwa 0.

Ijumaa Novemba 10, Houston, dhidi ya Texas A&M. Kutoka Austin ni kilomita 260 hivi, wakasafiri usiku. 10 kwa 0, na hii ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi kati ya tano kwa hesabu ya pointi.

Jumamosi Novemba 11, New Orleans, dhidi ya Tulane. Usiku mwingine wa treni, zaidi ya kilomita 500. Mechi ya tatu ndani ya siku tatu, na wakashinda 23 kwa 0. Yaani mechi ya tatu walifunga pointi nyingi kuliko ya kwanza na ya pili zikijumlishwa! Hapa niliweka simu chini nikatoka nje ya gari kidogo.

Jumapili, mapumziko.

Jumatatu Novemba 13, Baton Rouge, dhidi ya LSU. 34 kwa 0.

Jumanne Novemba 14, Memphis, dhidi ya Ole Miss. 12 kwa 0. Kisha nyumbani mlimani.

Kwa wanaotaka majina: mpiga teke na beki wao wa nyuma aliitwa Ormond Simkins, kiongozi wa mashambulizi Warbler Wilson. Mlinzi wao mmoja, William Claiborne, walimwita Wild Bill, alikuwa haoni jicho moja. Inasimuliwa kwamba mechi ikianza alikuwa anamwonyesha mpinzani wake lile jicho bovu na kumwambia hili niliharibiwa mechi iliyopita, leo nataka kulipiza. Huyu baadaye alikuwa mchungaji, akapanda mpaka cheo cha shemasi mkuu, akafanya kazi ya kanisa miaka mingi kwa wanakijiji maskini wa milima ileile.

---

Binti Pangani

Mkuu mimi ni mfiziotherapia, naomba niongeze kitu.

Misuli ikifanyishwa kazi nzito, maumivu hayaji mara moja. Yanaanza kesho yake na kilele chake ni kati ya saa 24 na 72. Kwa ratiba hiyo, maumivu ya Alhamisi yalikuwa kileleni Ijumaa na Jumamosi, na juu yake wanaongeza ya Ijumaa, kisha ya Jumamosi. Jumatatu asubuhi pale Baton Rouge kushuka tu kitandani mwa behewa ilikuwa kazi. Na kulala kwenye treni siyo kulala, mwili unatikisika usiku kucha na kila ukipindia jeraha unaamka.

Sisi tunalilia wachezaji wa kandanda wapate siku tatu kati ya mechi na mechi, na hao wana madaktari, barafu, chakula maalumu. Nauliza kwa dhati: hawa vijana nani aliwashughulikia? Maana haiwezekani hakukuwa na mtu.

---

Mshusha Mzigo

Dada umeuliza kitu ambacho nilikuwa naogopa uzi ungeisha bila mtu kukiuliza. Huyo ndiye mtu wangu wa pili.

Alikuwepo. Anaitwa Cal Burrows. Mtu mweusi. Kazi yake iliitwa mkandaji, mchua misuli. Kila baada ya mechi, ndani ya behewa linalokimbia usiku, alikuwa anapita kwa mmoja mmoja, anakanda mapaja, anakanda migongo, anafunga majeraha, ili kesho yake yule kijana aweze kusimama. Wewe umeeleza kwa utaalamu kile ambacho mikono ya mtu huyu ilikuwa inapambana nacho.

Sasa wekeni hili pembeni ya lile. Chuo cha Sewanee wakati huo hakikuwa kinapokea mwanafunzi mweusi. Kilianzishwa 1857 na maaskofu wa majimbo ya kusini, majimbo ya utumwa. Mmoja wa waasisi wakuu, Askofu Leonidas Polk, alikuwa mmiliki wa watumwa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokuja akavaa sare za ujenerali wa upande wa kusini, akauawa kwa mzinga 1864. Cal Burrows anafanya kazi hapo miaka 35 tu baada ya hayo. Mikono yake inaruhusiwa kwenye mwili wa kila kijana wa timu, na mwanawe, kama alikuwa naye, haruhusiwi darasani.

Ukitafuta Seibels utakuta aliingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo huu 1973. Ukitafuta Lea utakuta kurasa na kurasa. Ukitafuta Burrows utakuta jina na kazi yake, mstari mmoja, miwili. Najua hatukuwa na undugu wala hakuwahi kusikia habari za kwetu. Lakini niliposimama kwenye lile tuta la reli, mimi mtu mweusi kutoka Kahama, ni yeye niliyemfikiria, kuliko wale kumi na moja.

---

Binti Pangani

Asante mkuu. Nimesoma mara mbili. Kazi yetu hii ndivyo ilivyo, mgonjwa akitembea watu wanaangalia miguu yake. Lakini kwa Burrows ni zaidi ya hivyo, na umefanya vema kulitaja jina lake lote.

---

Mwalimu Kibondo

Nami nimeguswa. Nitawasomea wanafunzi wangu wa kidato cha tatu.

Mleta mada, umesema pointi 10 zote zilitoka kwa Auburn. Tupe hiyo mechi. Naona kama ndiyo yenye mchezo wenyewe, maana huko kwingine hakuna aliyewatisha.

---

Mshusha Mzigo

Kweli kabisa mwalimu, na binafsi mechi hii naipenda kuliko zile tano.

Ilikuwa Novemba 30, 1899, Alhamisi, sikukuu ya Shukrani, mjini Montgomery, Alabama. Nyumbani kwa nahodha Seibels. Auburn walikuwa wanafundishwa na John Heisman, ndiyo, yule ambaye leo tuzo ya mchezaji bora wa vyuo inabeba jina lake. Heisman alikuwa mtu wa kufikiri. Wakati wengine wanategemea kusukumana, yeye aliwafundisha vijana wake kasi: jaribio moja likiisha, mnajipanga palepale na kuanza jingine kabla mpinzani hajavuta pumzi.

Na hebu fikirini, Sewanee ndio timu iliyozoea kuwachosha wengine. Safari hii wakakutana na watu wanaowachosha wao. Auburn wakafunga, na wakafunga tena. Timu ambayo haikuwa imefungwa pointi hata moja katika mechi kumi, sasa inafungwa mara mbili siku moja.

Sasa ile hesabu. Tachidauni 5, nyongeza 1. Auburn wana 10, Sewanee wana 11. Mechi imeamuliwa na pointi moja. Msimu mzima, treni, mapipa ya maji, mikono ya Burrows, vyote vilining'inia kwenye pointi moja.

Heisman hakukubali. Alilalamikia waamuzi wazi wazi, akaandika kwenye gazeti, na wa upande wa Sewanee wakamjibu. Kwa jinsi ninavyosoma mimi, Auburn siku ile walikuwa wazuri kuwazidi Sewanee kwa sehemu kubwa ya mchezo, na malalamiko ya Heisman siyadharau. Najua mashabiki wa Sewanee hawatanipenda kwa hilo. Lakini matokeo ni 11 kwa 10, na siku mbili baadaye, Desemba 2, Atlanta, walicheza na North Carolina wakashinda 5 kwa 0. Msimu ukafungwa. Kumi na mbili kwa kumi na mbili.

---

Raga Nakuru

Hiyo 5-0 baada ya siku mbili ndiyo inaniumiza mimi. Baada ya kuteswa namna ile na Auburn, mwili umeisha, kichwa kimeisha, na bado unakataa kufungwa. Katika raga hapo ndipo unapomjua mtu.

Swali langu: hicho chuo kiko wapi leo? Mbona hatusikii Sewanee kwenye televisheni na wale wakubwa?

---

Mshusha Mzigo

Kaka, habari hiyo inauma.

Futiboli ya vyuo ilikua, ikawa pesa, ikawa viwanja vikubwa, na chuo cha wanafunzi wachache mlimani hakikuweza kukimbizana. Mwaka 1932 ulipoundwa muungano wa timu za vyuo vya kusini unaoitwa SEC, ambao leo ni miongoni mwa yenye nguvu zaidi huku, Sewanee walikuwa miongoni mwa waanzilishi 13, kwa heshima ya jina lao. Wakacheza mechi 37 za muungano huo. Wakapoteza 37. Hawakushinda hata moja. Mwaka 1940 wakajitoa.

Leo wanacheza daraja la tatu, ambako hakuna mchezaji anayelipiwa masomo kwa sababu ya mpira. Nilipita uwanjani kwao. Uwanja mdogo, umezungukwa na miti, mahali pazuri pa kukaa jioni.

---

Fundi Saa

Nakiri nilikuja na shaka, nimebaki na heshima. Huyo Luke Lea alifika wapi? Mtu wa akili ile hakuishia umeneja.

---

Mshusha Mzigo

Hakuishia mkuu. Mwaka 1907 alianzisha gazeti la The Tennessean pale Nashville. Mwaka 1911 akaingia Seneti ya Marekani, miaka 31 tu, akakaa mpaka 1917. Vita Kuu ya Kwanza akaenda Ufaransa akiwa kanali. Vita vilipoisha, Januari 1919, akachukua maafisa na askari wachache, wakaingia Uholanzi kwa magari mpaka Amerongen, kwenye ngome alikojificha Kaisari Wilhelm wa Ujerumani, kwa nia ya kumchukua wampeleke kwa washindi wa vita. Kaisari huyohuyo ambaye majeshi yake yalikuwa yanapigana kwetu, kutoka Tanga mpaka Msumbiji. Walifika hadi ndani ya nyumba, wakazungushwa na mwenyeji, askari wa Uholanzi wakajaa nje, ikabidi waondoke mikono mitupu. Jeshi lake likamkaripia.

Mwisho wake haukuwa mzuri. Miaka ya 1930 benki ziliporomoka, akashtakiwa North Carolina kwa makosa ya benki, akafungwa, baadaye akasamehewa.

---

Mwalimu Kibondo

Swali la mwisho kwangu, na ni la mzazi. Mchezo wa kusukumana bila kofia, watu wanaburutwa kwa vishikio. Hakuna waliokufa?

---

Mshusha Mzigo

Walikufa mwalimu. Siyo Sewanee 1899, lakini nchi nzima walikuwa wanakufa vijana kila msimu. Mwaka 1905 magazeti yalihesabu vifo 18, wengi wao wavulana wa shule za sekondari. Vyuo vingine vikaufuta mchezo. Rais Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa anaupenda, aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton mwezi Oktoba akawaambia wausafishe. Msimu uliofuata wa 1906 sheria zikabadilika: kuurusha mpira mbele kukaruhusiwa ili watu watawanyike, yadi tano zikawa kumi ili kusukumana kusiwe na faida, na dakika 70 zikawa 60. Chombo kilichoundwa wakati huo ndicho kilichokuja kuitwa NCAA, kinachosimamia michezo ya vyuo huku.

Kwa hiyo rekodi ya Sewanee haitavunjwa, na mimi nashukuru. Hakuna mzazi anayepaswa kumpeleka mwanawe kwenye ratiba ile. Nawaheshimu wale vijana kwa kila kitu, na bado nasema waliokaa mezani 1906 walifanya haki.

Wakuu, saa zangu za mapumziko zimebaki kumi, kesho alfajiri napakia Nashville. Nitapita Monteagle mchana. Mwenye swali aliache hapa, nikifika Atlanta nitajibu. Na kama kuna mwanajamvi yuko karibu na chuo kile na anaweza kuingia maktaba yao, naomba anitafutie chochote juu ya Cal Burrows: alizaliwa wapi, alizikwa wapi, kama aliacha watoto.